Mnyororo wa thamani usiomtaja dalali: mahindi, mashudu, molasi na yale mashamba ya mibono

Mzee wa Bambo (mwanzisha uzi)

Wakuu kwema?

Mods, naomba uzi huu msiuhamishie kule kwenye kuku na matikiti. Hili ni suala la sera kabisa.

Septemba 2023 Dar ilipokea ule mkutano mkubwa wa mifumo ya chakula Afrika, pale ukumbi wa Julius Nyerere. Marais walikuja, mabenki yakaja, watu wa mbolea na mbegu wakaja. Tangu hapo kila warsha ninayoisikia mjini, iwe ya mahindi, ya alizeti au ya nishati mimea (mafuta ya gari yanayotokana na mazao), inaishia kwenye azimio lile lile: tujenge mtandao wa wadau wa mnyororo wa thamani katika kanda. Mimi nauza nafaka na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) soko la Tandale hapa Dar, na nasema mtandao huo upo. Haukujengwa na mradi, hauna tovuti wala fulana, na mtu anayeuendesha anaitwa dalali. Kwenye sera zetu hutajwa pale tu anapotafutwa wa kulaumiwa.

Kabla hamjanirukia, twende taratibu.

Fuso la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, linaingia Tandale alfajiri. Dereva hamjui mtu mjini zaidi ya dalali aliyeongea naye akiwa Morogoro. Dalali anapanda juu, anachoma bambo (kile kichuma cha kutolea sampuli) kwenye gunia la katikati (la juu kila mtu hupanga mazuri), anamimina punje kiganjani, ananusa, anang'ata moja. Ikipasuka kwa mlio, kavu. Ikibonyea, bei inakatwa palepale au mzigo unatafutiwa turubai uanikwe. Halafu simu zinaanza. Mwenye mashine Manzese anataka meupe ya sembe. Mtu wa chakula cha kuku Kibaha hajali rangi, anajali bei. Mwingine yuko Namanga, mpakani na Kenya, anauliza kama kuna mzigo wa kuvusha. Jua likichomoza gari limeshagawanywa kwa matumizi, kwa ubora na kwa nchi. Mkulima wa Kongwa hajawahi kumwona mlaji wake wa Nairobi na hatamwona, ila bei ya Nairobi imemfikia kupitia mdomo wa huyu mtu. Imekatwakatwa njiani, ndiyo, sikatai.

Sasa tazameni sera nazo zinavyosafiri. Juni 2017 serikali ilisema mahindi yasivuke mpaka bila kusagwa, tuuze unga. Ukilisikia ukumbini ni wazo zuri. Lakini mashine za unga wa kuuza nje hazioti ndani ya msimu mmoja, na mahindi yalikuwa yameshalimwa. Rukwa na Ruvuma bei ikaporomoka, watu wakakaa na magunia hadi wadudu wakaanza kuyahesabu. Machi 2021 ikawa zamu ya Kenya: barua ya mamlaka yao ya kilimo ikafunga mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu (sumu ya ukungu kwenye nafaka), na siku chache baadaye wakafungua kwa masharti, mwagizaji awe amesajiliwa na mzigo uwe na cheti kuwa sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Aprili 2025 tukawa sisi. Malawi ilikuwa imezuia mahindi, mchele, unga, tangawizi na ndizi zetu, Afrika Kusini nayo ilikuwa imezuia ndizi, tukajibu kwa kuzuia mazao yao. Siku chache tu, zuio likaondolewa, mazungumzo yakaanza.

Kila mmoja alikuwa na sababu yake. Sumukuvu si uzushi, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na Malawi ukiwabana kwenye kujibu mapigo, wanazungumza, tumeona. Ninachouliza ni nani hubeba hasara ya zile siku chache. Aliyeandika barua mshahara wake unaingia tarehe ile ile. Ndizi iliyokwama mpakani siku nne si ndizi tena.

Hapa ndipo utaona upungufu wa dalali, na sitauficha. Bambo halioni sumukuvu. Punje inaweza kuwa nyeupe, kavu, inalia vizuri mdomoni, na ina sumu. Mtandao wetu unajua bei, unajua nani analipa na nani anakimbia, unajua barabara gani imekatika. Hauna maabara. Serikali ingeuliza "hawa watu wanakosa nini ambacho sisi tunacho?" ingegundua jibu ni vipimo, mizani na taarifa ya mapema. Badala yake swali linaloulizwa kila mwaka ni namna ya kuwaondoa.

Na hili la kanda nalo tulitazame. Tanzania iko EAC, iko SADC, na COMESA tulijitoa mwaka 2000. Kwa hiyo mzigo wangu ukienda Kenya una cheti cha uasilia (kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani) cha aina moja, ukienda Zambia au Malawi cha aina nyingine. Kongo (DRC) imeingia EAC 2022 ikiwa tayari SADC, kwa hiyo pale mfanyabiashara lazima ajue utaratibu upi unamhusu. Wengi hawajui. Anayejua ni wakala wa forodha, na ujuzi huo anautoza.

Sasa nishati mimea, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike, maana naona imeanza kurudi kwenye midomo ya watu.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Bei ya mafuta ghafi ilipanda hadi Julai 2008 ikagusa dola 147 kwa pipa. Miaka hiyo wawekezaji walimiminika Pwani na Lindi kutafuta ardhi ya mbono kaburi (jatropha) na miwa. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizogusa vijiji zaidi ya kumi. Kilwa, Waholanzi wakapata takribani hekta 34,000. Bagamoyo, kwenye ranchi ya zamani ya Razaba, Waswidi wakaja na mpango wa ethanoli ya miwa, yaani spiriti ya kuendeshea magari. Kufikia Desemba 2008 pipa lilikuwa chini ya dola 40. Waswidi wakauza mradi 2009, Waholanzi wakafilisika 2010, Kisarawe shughuli zikasimama 2011. Na mwongozo wa serikali wa nishati mimea? Kikosi kazi kiliundwa 2006, mwongozo ukatoka 2010, wageni wakiwa mlangoni wanavaa viatu.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ardhi, na ni kweli. Ardhi ya kijiji ikitakiwa na mwekezaji wa nje lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, na mwekezaji akifilisika haijirudii kijijini yenyewe. Mwanakijiji anabaki anapita pembeni ya pori ambalo babake alikuwa anakata kuni. Hilo limeshaandikwa sana, sirudii.

Mimi nalitazama kwa jicho la sokoni. Mbegu ya mbono ina sumu. Ukishakamua, mashudu yake ng'ombe hali, kuku hali. Mafuta yenyewe hayaliwi. Mnunuzi wa maana ni mmoja tu, yule anayetaka dizeli ya mimea, naye hununua pale tu mafuta ya visimani yanapokuwa ghali. Alizeti mafuta yakidoda, mashudu yanauzika Kenya. Mahindi yakikataliwa Namanga yanaliwa Mbagala. Mbono ukikataliwa unaupeleka wapi? Hakuna dalali wa Tandale aliyewahi kuwa na bei ya mbono, na hilo peke yake lingetosha kumshtua waziri yeyote ambaye angepita kuuliza.

Linganisheni na molasi. Kilombero kiwanda cha sukari kipo tangu enzi, molasi inatoka kila siku miwa inaposagwa, na 2013 ukawashwa mtambo wa pombe kali pembeni ya kiwanda. Haukuhitaji shamba jipya la kwake. Malawi wamefanya hivyo tangu 1982 pale Dwangwa: hawana bahari, mafuta yakifika kwao ni ghali, molasi ilikuwa haina pa kwenda, wakaigeuza ethanoli na kuichanganya kwenye petroli. Walianza na taka iliyopo na mnunuzi aliyepo. Sisi tulianza na ramani.

Kwa hiyo ukiniita kwenye hiyo warsha, na hakuna atakayeniita, nitasema hivi. Zuio la mpakani litangazwe kabla watu hawajapanda, liwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kipimo cha sumukuvu kiwe sokoni, gari linaposimama, maana mpakani hasara imeshatokea. Dalali asajiliwe, auze kwa kilo, atoe risiti. Na yeyote anayeleta mpango wa zao la mafuta ya gari aulizwe swali moja kabla ya kuonyeshwa ekari hata moja: mnunuzi wako wa pili ni nani?

Karibuni tupigane kwa hoja.

Kijana wa Ubungo

Naweka kambi. Ngoja nichukue karanga.

Kibaigwa Ndani

Mzee wa Bambo umeandika vizuri kwa sababu umekaa upande wa anayekula. Mimi nalima Kongwa. Ngoja nikuonyeshe huo mtandao wako unavyoonekana ukiwa huku.

Dalali anakuja na gunia lake. Gunia si la kilo 100, ni lumbesa, limeshonewa kilemba juu, ukilipima linacheza kilo 130. Bei ni ya gunia. Sheria ya vipimo inasema kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, kila mtu anaijua, Wakala wa Vipimo wanaitangaza redioni, na lumbesa inapita barabarani mchana kweupe. Ukikataa kushona kilemba dalali anakwambia sawa, gari linakwenda kwa jirani. Hizo kilo 30 ndizo ada ya shule ya mtoto wangu, wewe unaziita "bei imekatwakatwa njiani".

Halafu unasema bei ya Nairobi imenifikia. Imenifikia vipi wakati mimi naambiwa "Kenya wamefunga" hata kama hawajafunga? Nikishauza nasikia kumbe mpaka ulikuwa wazi. Anayemiliki simu zote ndiye anayemiliki ukweli.

Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuweka mazao ghalani yauzwe kwa mnada, ilikuja kwa sababu yenu.

Mzee wa Bambo

Kibaigwa Ndani, kwenye lumbesa sina cha kukujibu, ndiyo maana nimeandika kuuza kwa kilo. Tandale penyewe mnunuzi wa rejareja anauziwa kwa kilo, kwa hiyo hizo 30 zako zinapotea kati ya shamba na mzani wa kwanza. Weka mzani Kibaigwa wenye nguvu ya sheria na nusu ya ugomvi wetu imekwisha.

Kwenye stakabadhi ghalani nakupinga. Sheria ni ya 2005, korosho ilianza msimu wa 2007/08, baadaye zikafuata ufuta, mbaazi, choroko. Angalia aina ya mazao hayo. Mnunuzi ni wachache, wanatoka nje, wanataka mzigo mkubwa wa aina moja. Mnada ghalani unafaa kwa hao. Mahindi yanaliwa na mimi, wewe, kuku na gereza, kila siku, kidogo kidogo. Ukiyafungia ghalani kusubiri mnada, mji unakula nini wiki hiyo? Na mkulima anayetaka hela ya mazishi kesho asubuhi anasubiri malipo ya chama hadi lini?

Kibaigwa Ndani

Malipo kuchelewa ni kweli, hapo umenipata. Ila usisahau mnada unatangaza bei mbele ya watu. Dalali anatangaza sikioni. Mimi nikichagua kati ya kuchelewa na kudanganywa nitachagua kuchelewa, mradi nijue ni siku ngapi.

Kuhusu sumukuvu, huku kwetu TANIPAC, mradi wa serikali wa kuzuia sumukuvu, umefanya kazi, maghala yamejengwa na watu wamefundishwa kukausha juu ya turubai badala ya chini. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Lakini nikikausha vizuri dalali ananipa bei ile ile ya jirani aliyevuna mabichi. Tena mimi napata hasara, mahindi yakikauka yananywea na gunia linameza punje nyingi zaidi. Nani atakausha kwa bei hiyo?

Mama Alizeti

Kaka Kibaigwa hapo mwisho umegusa penyewe. Bei ikiwa moja kwa kavu na bichi, sera ya sumukuvu ni karatasi.

Mimi nina mashine ya kukamua, nilianzia Singida sasa niko Vingunguti. Nataka niseme habari ya alizeti kwa sababu Mzee wa Bambo ameipitia haraka. Nchi hii zaidi ya nusu ya mafuta ya kula imekuwa ikitoka nje, mengi ni mawese ya Asia. Serikali ikaamua kulinda: bajeti ya 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ukawa asilimia 25 na yaliyosafishwa asilimia 35. Waziri Mkuu akasukuma michikichi Kigoma, kituo cha utafiti cha Kihinga kikazalisha miche, na alizeti ikaletewa mbegu ya ruzuku. Mwaka alizeti ilipolipa watu walilima mpaka uani. Kisha mafuta ya kula yakapanda dunia nzima, mama wa mjini akalia, na kelele za kulegeza ushuru zikaanza. Ukilegeza, mwenye mashine kama mimi nashusha bei ya mbegu, mkulima msimu ujao anarudi kwenye mtama. Ukikaza, chipsi zinapanda Kariakoo. Sisemi nani ana haki. Nasema ushuru ukibadilika kila Juni bajeti inaposomwa, mkulima ameshapanda Desemba. Anapanda akiwa gizani.

Mashudu ndiyo yameniweka mjini. Kuna miezi mafuta nauza kwa bei ya kurudisha gharama tu, faida yote iko kwenye mashudu yanayokwenda kwa Wakenya wa ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo hilo swali la mnunuzi wa pili nimelielewa kwa tumbo.

Ila wewe Mzee wa Bambo na wenzako, mkichukua mashudu kwa mkopo mlipe. Kuna dalali mmoja wa hapo kwenu, simtaji, kila nikimpigia yuko msibani.

Kijana wa Ubungo

Hahaha huyo dalali ana ukoo mkubwa.

Wakala wa Tunduma

Salaam wakuu. Nimesoma kwamba mawakala wa forodha tunatoza ujuzi. Ni kweli, na ninyi mahindi mnayauza, hamyagawi.

Nisaidie kwa ufupi. Kituo cha pamoja Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, Namanga Desemba 2018. Kituo cha pamoja kimepunguza kusimama mara mbili. Hakijapunguza karatasi. Nafaka inahitaji kibali cha kuuza nje, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasilia, na upande wa pili wana vya kwao. Kimoja kikiwa na jina tofauti na kingine hata kwa herufi moja, gari linalala.

Wadogo wanaopeleka mzigo Kenya au Uganda na hawazidi dola 2,000 kuna cheti rahisi cha EAC, mnajaziwa palepale mpakani kama bidhaa ipo kwenye orodha. Wengi wanapita njia za panya na gunia tano kwa kuogopa kitu ambacho ni halali.

Naunga mkono hoja ya tarehe. Zuio lisilo na tarehe ya mwisho ndilo linalolisha rushwa, kwa sababu kila mtu anaamini litaisha kesho, basi analipa ili avuke leo.

Mhandisi wa Kigamboni

Mleta mada umeandika vizuri sehemu ya molasi ila umeiacha njiani. Nafanya kazi kwenye maghala ya mafuta, niongeze.

Ethanoli ukiichanganya na petroli ina tabia moja mbaya: inapenda maji. Hewa ya Dar mnaijua. Ikishavuta maji ya kutosha inajitenga na petroli na kukaa chini ya tangi, na hapo gari halijui limenyweshwa nini. Ndiyo maana kuchanganya hufanywa mwisho kabisa, lori linapopakia, si ndani ya tangi kubwa la kupokelea meli. Hilo lina faida kwetu. Bandari hii inalisha Zambia, Kongo, Malawi na wengine, bomba la TAZAMA sasa linabeba dizeli hadi Ndola, Zambia, mafuta yanaagizwa kwa pamoja. Ukichanganya wakati wa kupakia, mzigo wa nchi jirani hauguswi. Hakuna haja ya mkataba wa nchi sita ili kuanza.

Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Kwenye mchanganyiko wa asilimia 10 dereva atahisi kidogo sana. Pikipiki na magari ya zamani mipira inaweza kuliwa, hilo lazima lisemwe mapema na si baada ya bodaboda kuandamana.

Tatizo ni sera ya kodi. Kwenye sheria ethanoli ni nini, pombe au mafuta? Ukiitoza kama pombe kali hakuna atakayeichoma kwenye injini. Na bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi haina mstari wa ethanoli. Bila mstari huo muuzaji hana namna ya kurudisha gharama yake.

Na jambo moja la Zimbabwe, maana watu hupenda kuwataja. Waliweka sharti la kuchanganya 2013, wana kiwanda cha ethanoli cha Chisumbanje. Kiwango kinapanda na kushuka kulingana na miwa na mvua. Sharti bila malighafi ni amri inayoandikwa upya kila mara.

Mbishi Mstaafu

Mnazungumzia molasi wakati Januari na Februari 2024 sukari tumenunua zaidi ya 4,000 kwa kilo? Kwanza sukari itoshe ndipo mwanze kunywesha magari.

Mhandisi wa Kigamboni

Mbishi Mstaafu, molasi hubaki sukari ikishatolewa. Miwa ikipungua, kama ilivyokuwa na zile mvua, molasi nayo inapungua, ugomvi kati yao haupo. Ugomvi unakuja ukikamua miwa moja kwa moja kuwa ethanoli bila kupitia sukari, kama Brazil wanavyofanya. Brazil wameanza 1975, wana mashamba ya miwa makubwa kuliko nchi nyingine yoyote, na magari yao yametengenezwa kwa ajili hiyo. Agosti 2025 wamefika asilimia 30 ya ethanoli kwenye petroli. Tusijipime nao.

Ile Razaba iliyotajwa juu, sehemu yake leo ni shamba la miwa la Bagamoyo Sugar la Bakhresa, na sukari inatoka. Ardhi ile ile, zao lile lile, tofauti ni kwamba mnunuzi wa sukari anakaa Kariakoo.

Mzee wa Bambo

Mhandisi, hapo kwenye Kariakoo umenisemea. Ila kuna mfano unaonisumbua, naomba wenye ujuzi waujibu. Kenya, Waitaliano wa Eni walifungua kituo cha kukamua Makueni 2022, wanakusanya mbarika na mbegu nyingine kwa wakulima, mafuta yanapelekwa Sicily kwenye kiwanda chao. Hawakuchukua shamba, mkulima analima kwake. Ni bora kuliko Kisarawe. Lakini mbarika nao una sumu, mashudu yake si ya kuku, na mnunuzi ni yule yule mmoja. Akiamua kuondoka?

Mama Alizeti

Akiondoka mkulima anabaki na shamba lake, tofauti na wa Kisarawe. Hilo si dogo. Atang'oa mbarika apande kunde.

Kibaigwa Ndani

Atang'oa baada ya kukosa msimu mzima wa chakula. Ukame wa Makueni mnaufahamu? Ni kama wa kwetu.

Mbishi Mstaafu

Mimi bado sijaelewa kwa nini tunahangaika na magari. Magari ya umeme yanakuja.

Mhandisi wa Kigamboni

Mbishi, leo umeniwahi, nilikuwa nakuja huko. Kwa Dar mimi ningeanza na jiko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia ulizinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kufikia 2034. Watu wote wanawaza gesi. Gesi inaagizwa kwa meli, na mtungi mkubwa ni hela ya mkupuo.

Sasa sikilizeni jambo la kiufundi. Ethanoli ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe hadi zaidi ya asilimia 99, na huo ukaushaji una mtambo wake na gharama yake. Ethanoli ya jiko haihitaji hivyo, ya asilimia 95 inawaka vizuri tu, maji yaliyomo hayasumbui. Kwa hiyo mtambo mdogo unatosha, na malighafi inaweza kuwa molasi au hata mihogo iliyokosa soko. Unaitia dawa ya uchungu ili isinywewe, unaiuza kwa lita, hata nusu lita, kama watu wanavyonunua mkaa kwa kopo. Mshindani wake ni mkaa, na mkaa kila mwaka unatoka mbali zaidi.

Mama Alizeti

Nusu lita inapika maharage?

Mhandisi wa Kigamboni

Maharage yaliyolowekwa usiku, ndiyo. Usipoloweka hata gesi itakuaibisha.

Mzee wa Bambo

Mhandisi, leta bei ya jumla ya lita moja ikiwa imefikishwa Manzese, pamoja na usafiri na kodi yote ikitozwa kama mafuta, kisha nyingine ikitozwa kama pombe. Nitampelekea mama ntilie ninayemfahamu aweke pembeni ya debe la mkaa aniambie. Kibaigwa Ndani, na wewe nitumie uzito wa gunia ulilouza mwisho, mzani wa kweli, si wa kukadiria. Nataka kuviweka vyote hapa kabla ya bajeti ya Juni.

Kibaigwa Ndani

Kilo 134. Nililipima mwenyewe kwenye mzani wa zahanati ya ng'ombe.